Koki ya Pili

Koki ya kwanza ilikuwa ukutani, nyekundu, kubwa kama sahani ya wali, ili kila mtu aione ikizungushwa. Koki ya pili ilikuwa chini ya benchi la fundi, ndogo, ya shaba, na mguu wa mtu mzima uliifikia bila yeye kuinama. Mji mzima wa Mvukeni uliijua ya kwanza. Ya pili aliijua Lemayian peke yake. Kabla yake aliijua mama yake, Naserian, na kabla ya Naserian fundi mmoja mzee ambaye sasa hata kaburi lake halikumbukwi.

Asubuhi hiyo aliyeketi ndani ya chumba cha kioo alikuwa binti wa muuza uji. Walimvalisha shuka jeupe, wakampandisha kwenye kiti cha mawe, na miguu yake ikabaki inaning'inia. Nje ya kioo ukumbi ulifurika watu. Bibi Kerubo, kikongwe mwenye sauti ya tarumbeta, akatoa wimbo, na wote wakaupokea:

Vuta hewa ewe mwana, kifua kiwe ni ngao,
Walioivuta jana, wamekuachia yao,
Uzao wa kupambana, kesho nje ndiyo makao.

Lemayian akazungusha koki nyekundu. Bomba likanguruma. Mshale wa geji ukapanda mpaka kwenye alama, na wimbo ukapungua nguvu, maana kila mtu alijua sasa nini kinaingia mle ndani. Waliiita Kali. Ilikuwa hewa ya nje ya malango ya mji huu uliofungwa, hewa ya kiberiti iliyofumuka kwenye nyufa za Bonde zamani za mababu na haijakoma mpaka leo. Hewa iliyoua mbuzi akiwa bado anatafuna.

Geji haikudanganya. Ilipima kilichopita kwenye bomba la kwanza, na hakuna aliyewahi kuiuliza habari za bomba la pili. Lemayian akanyoosha kisigino, akaisukuma koki ya shaba, na hewa safi iliyochujwa na feni ikamiminika kupitia tundu lililo nyuma ya kiti.

Mtoto akakohoa. Ilibidi akohoe; Naserian alimfundisha mwanawe kuacha Kali kidogo, ya kutoa machozi na kikohozi, ili watu waridhike. Wimbo ukafika mwisho. Koki zikafungwa, ile ya juu kwa mkono na ile ya chini kwa kisigino, na mlango ukafunguliwa. Binti akatoka akipepesa macho, akauliza swali ambalo kila mtoto wa Mvukeni hulifundishwa kabla ya kufundishwa kuhesabu.

"Mama, nimezoea?"

"Umezoea!" ukumbi ukaitika, na mama yake akamwinua juu kama mtu aliyeshinda vita.

Lemayian akafuta koki nyekundu kwa kitambaa. Akatazama ukutani mkabala, palipochongwa mistari ya waliofia chumbani. Upande wa kushoto, wa vizazi vya kwanza, mistari ilisongamana mpaka jiwe likawa kama tuta lililolimwa. Katikati ilianza kuachana. Upande wa kulia ukuta ulikuwa mtupu, laini, na watoto walipenda kuupapasa kwa viganja. Walimu waliwaleta pale na kuwaambia: tazameni jinsi damu yetu inavyopanda ngazi. Kila kizazi kimeizoea Kali kuliko kilichokizaa.

Ukweli ni kwamba yule fundi wa zamani alikuwa na huruma kidogo. Naserian alikuwa na huruma zaidi. Na Lemayian, tangu ashike kazi, hajamuua mtu.

"Tulieni!" Mwenyekiti Makokha alikuwa amepanda kwenye ngazi ya chumba. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Siku moja utotoni yeye na Lemayian walikaa kwenye kiti kile kile, mmoja baada ya mwingine, na tangu siku hiyo waliitana pacha. "Tulieni, nina neno. Kisima cha chini mnakijua. Leo kimetoa matope. Pampu ya kuvuta maji ya kina inataka mvuke, na mvuke wote tumewapa feni. Feni zenyewe mnazisikia zinavyolia. Beringi zimekwisha. Sasa mimi nauliza: feni za nini?"

Watu wakatazamana.

"Utazameni ukuta huo! Ni lini tulichonga mstari wa mwisho? Mababu walihitaji feni, sawa. Chuma kinachakaa, kila siku kinashuka. Lakini uhai unapanda! Kesho tutazima feni, tutafungua malango, na mvuke wote utavuta maji. Na asije mtu akasema Mwenyekiti anatuma watoto mbele. Kesho wa kwanza kukaa kwenye kiti ni mimi. Mtu mzima. Nikitoka, feni zinazimwa."

"Kitambi hicho kitapita mlangoni?" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Kikikwama utanisukuma wewe, mama watoto!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu waliokunywa kikombe kimoja cha maji tangu jana walicheka mpaka wakashikana mabega. Lemayian peke yake hakucheka; alikuwa anaitazama koki ya shaba.

*

Alimkuta Makokha kwenye chumba cha mitambo, amekunja suruali, amesimama ndani ya matope ya kisima pamoja na mafundi wa pampu. Akamwomba pembeni. Wakaingia nyuma ya bomba kuu la mvuke, ambako kelele ingemeza maneno yao.

"Usizime feni, pacha."

"Na wewe pia? Nilidhani nitasumbuliwa na vikongwe tu."

"Hakuna aliyezoea. Wewe hujazoea. Mimi sijazoea." Lemayian akamweleza yote: tundu la nyuma ya kiti, koki ya shaba, kisigino, mama yake. Alieleza haraka, kama mtu anayetapika.

Makokha akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Mama yako alinipikia maandazi siku ile. Alinifuta machozi kwa khanga yake. Unaniambia alinidanganya?"

"Alikuokoa."

"Basi tuseme alinipunguzia. Hata hiyo niliyovuta ilinifundisha kifua, nami nimewarithisha wanangu, nao wamezidi."

"Baba yako alikatwa vidole viwili na feni. Mbona wewe una kumi?"

Makokha akatazama mikono yake yenye matope. "Kidole si kifua."

"Mwili haumwandikii mtoto barua kumweleza yaliyoupata. Mtoto huzaliwa na alichozaliwa nacho, basi."

"Na hao?" Makokha akaonyesha kidole kwenye mdomo wa bomba la kutolea hewa chafu, ambako nzi weusi walitambaa kwenye ukoko wa kiberiti kana kwamba ni sukari. "Mababu walisema hapo mwanzo nzi hawakuwapo hapo. Leo wamejaa. Nzi ameweza, binadamu ashindwe? Nzi!"

"Nzi hakuweza, Makokha. Nzi walikufa. Mmoja anataga mayai mamia, wanakufa wote, anataga mwingine, wanakufa wote, mpaka siku moja akazaliwa mmoja ambaye kwa bahati tu ameumbwa tofauti kidogo. Hakujitahidi, na hakuna aliyemwimbia wimbo. Hao unaowaona ni wajukuu wa huyo mmoja, na waliokufa hawana wajukuu. Sisi tunazaa wangapi? Watatu, wanne? Tungezika kila mtoto wa mji huu mara elfu, na huenda huyo mmoja asizaliwe kamwe. Hakuna ngazi. Hakuna anayetupandisha."

"Uhai unapanda," Makokha akasema, kwa sauti ya mtu anayejishikilia. "Chuma kinashuka, uhai unapanda. Tulifundishwa wote darasa moja."

"Tulifundishwa uongo darasa moja. Weka kiganja hapa." Lemayian akamshika mkono akauweka juu ya gamba la bomba kuu, likatetemeka chini ya ngozi. "Moto wa chini unasukuma mvuke. Mvuke unasukuma feni, unawasha taa za mashamba. Taa zinakuza mtama, mtama unakusukuma wewe. Wewe na feni mnasimama kwa sababu moja: kuna kitu kinachowasukuma bila kukoma, na kinapungua huko kinakotoka. Kata msukumo, chuma kinashuka. Kata msukumo, na wewe unashuka, tena upesi zaidi."

Makokha alikuwa bado ameweka kiganja pale pale.

"Na maji?" akauliza hatimaye, taratibu. "Fundi wa maneno, niambie na hilo. Mwanangu mdogo jana alilamba ukuta wa kisima. Tukiziacha feni zikizunguka, tunakufa kwa kiu. Nipe njia nyingine, nami nitaishika kwa mikono miwili."

Lemayian akasema habari za kubana beringi, kuzima nusu ya taa, kupunguza mashamba. Yote yalikuwa njaa badala ya kiu, na wote wawili walijua.

"Mwambie basi kila mtu," Makokha akasema. "Panda kwenye ngazi uwaambie. Unajua kitakachofuata? Watasema watoto wetu hawakupewa Kali ya kweli, ndiyo maana hatujawa tayari. Koki yako ya shaba itang'olewa kabla ya jua kuzama, na watoto watarudishwa kwenye kiti, mmoja mmoja, kwa Kali kamili, ili tuanze kupanda upya. Anayefuata kwenye zamu ni nani?"

Lemayian akageuza uso kuelekea bomba.

"Ni Nasieku, binti yako," Makokha akasema. Hakulisema kwa ukatili. Alimpenda yule mtoto; ndiye aliyemchongea mwanasesere wake wa kwanza. "Kwa hiyo tufanye hivi. Kesho niwekee kamili. Usiguse ya chini. Nikianguka, wameona wenyewe, na feni zinabaki. Nikisimama, wewe na mama yako mlikuwa waoga, nami nitawasamehe. Nikiona nimezidiwa nitagonga kioo mara mbili, unifungulie. Sawa, pacha?"

"Nitakuua."

"Utanijaribu. Tofauti ipo." Akampiga bega kwa mkono wa matope, akarudi kisimani.

*

Nyumbani Nasieku alikuwa amejifunika blanketi juu ya sufuria inayotoa mvuke. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka wiki ile. Mama yake alifariki siku aliyomzaa. Tangu siku hiyo kila kitu cha nyumba ile kilikuwa cha watu wawili.

"Unafanya nini humo?"

"Ninajizoeza, Baba. Wakubwa wamesema nikijizoeza sana, watoto wangu hawatakohoa hata kidogo."

Akamfunua blanketi. Uso ulikuwa mwekundu, umelowa jasho, una furaha. Kifua chake kilitoa mluzi mwembamba kila alipovuta pumzi, alizaliwa nao. Lemayian akamfuta uso kwa kiganja, akatambua kwamba alikwisha kuamua kutoigusa koki ya shaba kesho. Hilo ndilo lililomtisha.

*

Makokha aliingia chumbani akipunga mikono kama bwana harusi. Yule mwanamke wa jana alijifanya kumsukuma mgongoni, na watu wakapiga vigelegele. Bibi Kerubo alisimama mbele kabisa ya kioo. Kwa mkono mmoja alishika fimbo, na kwa mwingine alimshika Nasieku, maana desturi ni kwamba anayefuata husimama mbele ili aone.

"Nasieku, nenda nyumbani," Lemayian akasema.

"Aende wapi?" Bibi Kerubo akamkemea. "Hii ndiyo siku yake ya kusimulia wajukuu. Fanya kazi yako, Fundi."

Mlango ukafungwa. Wimbo ukaanza, nao siku hiyo haukuimbwa tu, ulipigwa kama ngoma. Lemayian akazungusha koki nyekundu mpaka mwisho. Akaurudisha mguu wake nyuma, mbali na koki ya shaba, akaukanyaga kwa mguu wa pili ili usimsaliti.

Mwanzoni Makokha alitabasamu. Kisha tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Kifua kikapanda na kushuka kwa kasi. Akainama. Akainuka. Macho yakawa mekundu, na kutoka puani ukateremka uzi wa damu hadi kwenye shuka jeupe. Watu waliona, nao wakaimba kwa nguvu zaidi ili kumtia moyo.

Akagonga kioo. Mara moja. Mara mbili. Hakuna aliyesikia ila Lemayian, aliyekuwa anakisubiri kiganja kile kwa roho yake yote. Akafunga koki, akaruka, akafungua mlango, na Makokha akamwangukia begani, mzito, wa moto, akitoa povu jekundu mdomoni.

Wimbo ukakoma.

"Waambie," Lemayian akamnong'oneza. "Pacha, waambie. Neno moja tu."

Makokha akaweka mdomo kwenye sikio lake. Kila neno lilitoka na kitu kilichopasuka ndani.

"Mimi... nimeshindwa. Lakini watoto... wako ngazi moja juu. Wao... wataweza."

Kisha, kwa nguvu ambayo Lemayian hakujua ilitoka wapi, akajinyoosha mbele ya mji wake, akainua ngumi juu.

Mlipuko wa kelele nusura ubomoe dari. Watu walikumbatiana. "Feni!" wakapiga kelele. "Zimeni feni!" Vijana wa mitambo wakaanza kujipenyeza kuelekea kwenye swichi kuu.

"Nilimpa kamili!" Lemayian akapaza sauti. "Sikilizeni! Miaka yote niliwapunguzia, leo nimempa kamili, na mtazameni! Anakufa! Tazameni damu!"

"Mmesikia?" Bibi Kerubo akageuka kuwatazama watu, machozi ya furaha yakimtiririka. "Fundi mwenyewe amekiri! Alimpa Kali kamili, na bado amesimama! Kamili, na amesimama!"

Wakashangilia maradufu. Makokha akateleza polepole kutoka kwenye bega la rafiki yake, akakaa sakafuni na mgongo kwenye ukuta ule laini, macho wazi, na hakuna aliyemwona akifa kwa sababu wote walikuwa wanatazama swichi.

Hapo ndipo Lemayian alipoelewa kwamba hana neno lililobaki. Kila atakalosema litageuzwa ngazi. Hoja, damu, hata maiti ya rafiki yake, vyote watavikanyaga na kupanda. Kilichobaki ni vifua vyao wenyewe, ambavyo tangu kuzaliwa havijawahi kuonja kitu ambacho vilidhani vimekizoea.

Mlango wa kioo ulikuwa wazi. Akarudi kwenye koki nyekundu, akaishika. Akamtazama Nasieku. Mtoto alikuwa anamtazama pia, mkono wake mdogo umenaswa kwenye vidole vya kikongwe, pengo la meno likionekana, na kati yao palikuwa na watu wengi kuliko ambao angeweza kuwasukuma kwa wakati. Kijana wa mbele alikuwa ameshika swichi. Feni zikizimwa, malango yakifunguliwa, Kali itaingia na haitatoka tena, na mluzi ule mwembamba utakuwa wa kwanza kunyamaza.

Akazungusha.

Kali ilitoka chumbani kama mnyama aliyefungiwa vizazi vyote hivyo. Kelele za safu ya mbele zilikatika katikati ya neno. Mtu akacheka, akidhani ni sehemu ya sherehe, kisha akashika koo. Wakaanza kukohoa, kikohozi cha kweli, kile cha kutoka chini ya mbavu, na kikohozi kikawa mayowe, na mayowe yakawa mbio. Waliokanyagwa walikanyagwa. Kijana wa swichi aliiachia akainama, akitapika juu ya viatu vyake. Lemayian alivuta pumzi moja, moto ukamshuka mpaka tumboni, na bado hakuifunga koki. Alisubiri mpaka alipoona hakuna uso hata mmoja ukumbini uliobaki na imani. Ndipo akafunga.

Juu yao feni zililia kwa beringi zao mbovu, zikavuta. Taratibu, kwa shida, kama bibi kizee anayechota maji, zikaivuta Kali nje na kurudisha hewa ndani. Na watu waliokuwa wakipiga kelele zizimwe walilala sakafuni wameelekeza midomo wazi kwenye matundu ya feni kama vifaranga.

Bibi Kerubo hakuamka. Fimbo yake ilikuwa imevunjika chini yake. Wengine pia walilala ambao hawangeamka. Lemayian aliwapita bila kuwatazama nyuso, kwa kuwa aliwajua wote, na ukuta ule laini ungewasubiri.

Alimkuta Nasieku chini ya shuka la mtu. Alikuwa hai. Akamwinua, akambeba mpaka chini ya tundu kubwa la feni, akakaa, akamlaza mapajani uso ukielekea kwenye upepo. Mluzi wa kifua ulikuwa umebadilika. Sasa ulikuwa na maji ndani yake. Kwenye mdomo wake palikuwa na tone jekundu.

Watu walianza kumsogelea. Hawakuwa na wimbo. Mmoja alikuwa na spana ya mitambo mkononi, na Lemayian alimwona, asiinuke. Kisima bado kilikuwa kikavu. Hilo pia alilijua.

Nasieku akafungua macho. Akatazama huku na huku, akaona watu wamesimama, akakumbuka alichofundishwa. Sauti ilitoka ya kukwaruza, si yake tena.

"Baba, nimezoea?"

Mwenye spana akasimama. Wote wakasimama, wakingojea jibu, kana kwamba hata sasa, hata baada ya haya, walitamani lije lile lile.

"Hapana, mwanangu," Lemayian akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Hujazoea. Hakuna mtu aliyezoea."

Akamfuta damu kwa kiganja, akamsogeza karibu zaidi na feni.